Sonona na wasiwasi: vidonge, maongezi au maombi? Tuviweke mezani vyote vitatu

Dada yangu alitibiwa malaria mara tatu, taifodi mara mbili na vidonda vya tumbo mara moja, yote ndani ya miezi saba, na kila kipimo cha malaria kilikuwa kinasoma hana. Kichwa kinauma, mwili unawaka kama amepakwa pilipili, usiku moyo unamwenda mbio, chakula hakipiti. Sehemu ya mwisho kulikuwa na nesi mtu mzima, akamuuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuuliza: "Mwanangu, siku hizi unafurahia nini?" Dada akanyamaza, alafu akaanza kulia palepale kwenye benchi, watu wanamwangalia. Ilikuwa sonona.

Hapo sasa ndo vurugu ikaanza, maana kila mtu nyumbani akawa na dawa yake. Mama anataka maombi, shemeji anasema ameze vidonge yaishe, baba mdogo anamjua mtu Tanga, na mimi niliyejifanya nimesoma nang'ang'ania mwanasaikolojia. Dada anatuangalia tu kama mtu anayeangalia mpira wa meza. Kama na wewe umekaa hapo katikati, nimeandika hii kwa ajili yako. Mimi sio daktari, ila nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki na nimeuliza sana.

Kwanza tuelewane tunaongelea ugonjwa gani, manake bongo kila kitu kinaitwa "stresi". Stresi ina sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole, kodi, mtihani, bosi, ikipita na wewe unapumua. Sonona ni pale huzuni au kutojali chochote kunakaa siku nyingi za wiki mbili au zaidi, na kunakuja na wenzake: usingizi unapotea au unalala mpaka mchana, hamu ya kula inaondoka, mwili mzito, kushindwa kukumbuka vitu, kujiona mzigo, na wengine kuwaza kufa. Wasiwasi uliopitiliza ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mtu anahofia kila kitu kwa miezi, misuli imekaza, tumbo linavuruga, hatulii. Alafu kuna ile hofu ya ghafla, dakika kumi unahisi unakufa, kifua kinabana, mikono inakufa ganzi, unakimbizwa hospitali unaambiwa moyo mzima. Mara nyingi haya magonjwa yanatembea pamoja. Na kwetu huku watu wengi hawaendi kusema "nina huzuni", wanasema "nina mawazo sana" au wanataja viungo vya mwili, ndo maana dada yangu alikula dawa za malaria kama njugu.

Bipolar na skizofrenia siziweki kwenye huu ulinganisho. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii (skizofrenia), au ambaye kuna wiki halali kabisa na anagawa hela na anajiona ana mipango ya kununua meli (bipolar), huyo dawa kutoka kwa daktari wa akili ndo msingi, mengine yanakuja juu yake. Tena kwa bipolar, vidonge vya sonona peke yake vinaweza kumrusha mtu juu akachanganyikiwa kabisa. Kwa hiyo kabla ya kumeza chochote mwambie daktari kama umewahi kupitia siku za namna hiyo, hata kama ulizifurahia.

Sasa vipimo vyangu vya kulinganishia. Naangalia vitu vitano: kinafanyaje kazi, kinachukua muda gani mpaka uone tofauti, hela pamoja na nauli (nauli watu wanaisahau), kinaweza kukuumiza vipi, na ukiacha inakuwaje. Alafu kinamfaa nani.

VIDONGE

Kwenye hospitali zetu utakutana zaidi na amitriptilini na fluoksetini. Amitriptilini ni ya siku nyingi, toka miaka ya 1960, fluoksetini ilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Zinagusa mawasiliano ya kemikali kwenye ubongo, na kwa sonona ya wastani au nzito zinasaidia kweli, kwa wasiwasi pia. Kwa sonona nyepesi faida yake ni ndogo, ndo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) hauzitangulizi kwa mtu wa hali hiyo.

Muda ndo unaowaponza wengi. Nafuu inakuja wiki ya pili mpaka ya nne, wengine ya sita, lakini maudhi yanafika siku ya kwanza. Yaani unalipa kabla ya kupokea mzigo. Ukianza fluoksetini unaweza kupata kichefuchefu, kichwa, kutotulia, usingizi kukatika (ndo maana inamezwa asubuhi), na hamu ya tendo la ndoa kushuka, hii watu wanaona aibu kuisema wanaacha dawa kimyakimya wakati daktari angeweza kubadilisha. Amitriptilini inaleta usingizi mzito, mdomo mkavu, choo kigumu, kizunguzungu ukisimama ghafla. Dada alipewa ile bahasha ndogo ya karatasi imeandikwa kwa kalamu "1x1 usiku", kidonge cha miligramu 25, akalala kweli, ila huzuni ikabaki palepale. Miezi miwili baadaye ndo tukaja kuambiwa dozi hiyo ni ndogo sana kwa sonona, huwa inapandishwa taratibu kwenda juu, na anayepandisha ni daktari, sio wewe. Hakuna aliyetuambia turudi. Kwa hiyo wewe ukipewa dawa, kabla hujatoka mlangoni uliza: narudi lini?

Hela: zote mbili ni dawa za kawaida zinazotengenezwa na viwanda vingi, kwa mwezi sio za kutisha. Gharama inajificha kwenye urefu, kwa sababu ukipona unaendelea nazo, kwa kawaida miezi 9 mpaka 12 baada ya kuwa sawa. Watu wanaacha wiki ya pili ya kujisikia vizuri, mwezi wa tatu wamerudi chini, wanasema dawa haifanyi kazi.

Kuumiza: fluoksetini ukizidisha hatari yake ni ndogo ukilinganisha na amitriptilini, hiyo ya pili ni hatari kweli. Nyumba yenye mtu anayewaza kufa, bahasha ikae kwa mtu mwingine, apewe ya siku chache chache. Vijana chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kuna wanaopata mawazo ya kujidhuru zaidi. Pombe weka pembeni. Na msidhani hizi ni sawa na Valium, kile kidonge cha kutuliza, jamani. Valium inatuliza ndani ya saa moja, ndo utamu wake, ila haitibu sonona na ukiitumia kila siku kwa wiki kadhaa mwili unaizoea, kuitoa inakuwa kesi nyingine. Hizi za sonona hazikupi ile njaa ya kutaka zaidi, ingawa ukiziacha ghafla unaweza kuumwa siku kadhaa, hivyo zinapunguzwa kidogo kidogo.

Ukiacha: kinga inaondoka taratibu nazo. Wengi wanabaki salama, wengine ugonjwa unarudi.

Zinamfaa nani? Mtu aliyeshuka mpaka hawezi kuamka kitandani, hali, haogi. Aliyewahi kuugua kabla na zikamsaidia. Anayeishi mbali na mtaalamu wa maongezi. Anayefunga Ramadhani wala asiogope, fluoksetini ni mara moja kwa siku, inahamishika kwenda futari au daku, muulize tu daktari. (Ila anayetumia lithiamu, dawa ya bipolar, akaongee na daktari kabla ya mfungo, ukikaukiwa maji ile dawa inapanda kwenye damu, sio mchezo.)

MAONGEZI

Wabongo tukisikia "kaunselingi" tunadhani ni kupewa nasaha, kaza moyo, mtegemee Mungu, dunia ndivyo ilivyo. Hayo hata kinyozi anakupa. Tiba ya maongezi ni kazi, ina hatua na ina homuweki. Ile inayojulikana zaidi, ya kubadilisha fikra na vitendo, aliianzisha Aaron Beck kule Philadelphia miaka ya 1960. Nitakuonyesha daftari la dada, kaniruhusu. Amechora safu tatu. Ya kwanza: "Jirani hajaitikia salamu yangu." Ya pili, nilichowaza: "Ananichukia, wote wamenichoka." Ya tatu, ushahidi: "Alikuwa na simu sikioni. Jana alinipa ukwaju." Ukiliangalia unaweza kucheka, lakini mtu ana mistari kama hiyo arobaini kwa siku kichwani na yote anaiamini. Upande mwingine wa kazi ni vitendo, kufua mashuka mawili, kutembea mpaka dukani na kurudi, hata kama hujisikii, manake sonona inakwambia subiri ujisikie ndo ufanye, na hiyo siku haifiki.

Kwa wasiwasi na ile hofu ya ghafla ndo maongezi yanang'aa. Kuna jamaa alishikwa na hofu kwenye daladala karibu na Ubungo, mwaka mzima akawa anatembea kwa miguu. Mtaalamu wake akampandisha daladala kituo kimoja, wiki ijayo viwili, anakaa na ile hofu mpaka ishuke yenyewe bila kukimbia. Kidonge hakimfundishi mtu hilo.

Muda: sesheni ya dakika 45 mpaka saa moja, kila wiki, mara 8 mpaka 20. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, kama vidonge tu, kwa hiyo usidanganywe kwamba maongezi ni ya haraka wala kwamba ni ya polepole.

Hela na nauli, hapa ndo panauma. Wataalamu ni wachache na wamejazana mijini, na wa binafsi bei yao kwa sesheni moja inaweza kuzidi vidonge vya mwezi. Hospitali za rufaa za mikoa nyingi zina kliniki ya afya ya akili, Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe ambayo ipo toka 1927, Zanzibar Kidongo Chekundu, Nairobi Mathari. Najua jina la Mirembe tunalitumia kutukania watu, "utapelekwa Mirembe wewe", na wengine wanajiumiza miaka kwa kuogopa kuonekana getini. Wagonjwa wengi wa kliniki hizi wanaonwa wanarudi nyumbani siku hiyohiyo kwenda kupika.

Na kuna njia ya katikati ambayo naona haisemwi vya kutosha. Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu wenye "kufungisisa", kwa Kishona ni kuwaza kupita kiasi, si unaona hata jina ni letu. Alianza baada ya mgonjwa wake kujiua kwa kukosa nauli ya basi kufika hospitali. Bibi hawatoi mawaidha, wanamsaidia mtu achague tatizo moja kati ya kumi alilo nalo na kulikatia mpango. Utafiti wa watu 573 uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Uganda nako, Masaka na Rakai, utafiti wa 2003 kwenye vijiji 30: vikundi vya wanawake peke yao na wanaume peke yao, dakika 90 kwa wiki, wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa wiki mbili tu, na sonona ikashuka sana. Kwa hiyo akikwambia mtu maongezi ni mambo ya wazungu wenye makochi mpeleke Masaka.

Kuumiza: sesheni za mwanzo unaweza kutoka umevurugika zaidi, umefukua vitu. Mshauri mbaya naye yupo, anayehubiri, anayesimulia ya mgonjwa wa jana (kesho na wewe utakuwa wa jana), anayekwambia uache dawa za hospitali. Muulize amesomea nini na wapi. Mkifika mara tatu nne na hakuna mpango wowote, ni maongezi tu ya kupoteza muda, hama.

Ukiacha: hapa maongezi yanavipita vidonge, ulichojifunza unabaki nacho, na kurudi kuugua kunapungua.

Yanamfaa mwenye hali nyepesi mpaka ya wastani, mwenye hofu ya kitu fulani, aliyepitia jambo zito kama ajali au kubakwa, kijana, mjamzito au anayenyonyesha ambaye angependa kuanza bila dawa (ingawa zipo dawa zinazotumika kwa wanyonyeshaji, setralini ni mojawapo, na aliye tayari kwenye dawa asiache mwenyewe akipata mimba). Hayamfai kwa sasa mtu asiyeweza hata kuinua kalamu. Huyo mnyanyue kwanza.

MAOMBI, KISOMO NA WAGANGA

Hii ningeruka ningekuwa mnafiki, manake wengi tunaanzia hapa.

Inafanyaje kazi: watu wanakuzunguka, wanakugusa, wanataja jina lako kwa upendo, unapata sababu ya kuoga na kutoka kila Jumatano jioni, na mateso yako yanapewa maana. Ukiangalia vizuri kuna vitu hapo vinafanana na kile kikundi cha Masaka. Haijapimwa kama vidonge na maongezi vilivyopimwa, kwa hiyo mtu asikuahidi asilimia. Wengine wanapata utulivu siku ileile, sema sonona nzito huwa inarudi asubuhi.

Hela inategemea umeangukia kwa nani. Shehe wa mtaa anayesoma na kukupa maji bila kudai kitu, au mama wa jumuiya anayekuja na uji, ni bure na ni hazina. Kule kwingine utaombwa mbuzi, alafu mbuzi mweusi, alafu "mbegu" ya laki tano. Baba mdogo alishatoa mbuzi wawili kabla hatujamshika mkono.

Kuumiza: kuambiwa huna imani ndo maana huponi, na mgonjwa wa sonona tayari anajiona mwenye hatia ya kila kitu, unamwongezea kamba. Kuelekezwa kwamba fulani ndiye aliyekuroga, ukoo unagawanyika. Kufungwa, kupigwa, kufungishwa siku nyingi bila maji. Na kubwa kuliko yote, kuambiwa tupa dawa. Kiongozi wa dini anayekwambia "nenda hospitali na mimi naendelea kukuombea" huyo mshike.

Ukiacha: ile jamii inabaki kama ulijenga urafiki. Inamfaa mwenye imani kweli, mpweke, mfiwa, ikiwa ubavuni mwa matibabu mengine, au peke yake kwa muda mfupi kama hali ni nyepesi.

SASA UFANYEJE

Kabla ya yote pima mwili: damu, tezi ya shingo, na kama unatumia dawa nyingine ziseme, mfano efavirenzi ya zamani ya VVU inaweza kuvuruga usingizi na hisia. Alafu omba ile fomu ya kupima sonona inayoitwa PHQ-9, maswali tisa, alama 0 mpaka 27, ipo ya Kiswahili. Chini ya 10 kwa kawaida ni nyepesi, 15 kwenda juu ni nzito kiasi cha kutosubiri. Andika namba yako na tarehe. Chochote utakachochagua kipe wiki sita, jaza tena, kama namba haijasogea usijilaumu, badilisha dozi au njia. Sisi tungekuwa na namba kwenye karatasi tusingekaa miezi miwili na 1x1 usiku.

Kama alama zako ni ndogo na bado unaenda kazini japo kwa kujikokota, anza na maongezi au kikundi, tembea kila siku, rekebisha usingizi, na maombi yako endelea nayo.

Kama umeshuka chini kabisa, anza vidonge, na ukipata nguvu ya wiki ya tatu nne ongeza maongezi. Kwa hali nzito vyote viwili pamoja hushinda kimoja kimoja.

Kama tatizo ni hofu ya ghafla au kuogopa sehemu fulani, tafuta mtaalamu wa maongezi hata kwa nauli ya mbali mara moja kwa wiki mbili, wengine siku hizi wanakubali kwa simu.

Kama uko kijijini na zahanati ndo kila kitu, muulize mganga mfawidhi kuhusu fluoksetini na rufaa, na tafuta watu wawili watatu wa kukaa nao kila wiki siku maalumu.

Kama umejifungua juzi na unalia, au humpendi mtoto na unaona aibu kusema, sema kliniki siku ya kumpima mtoto. Ni ugonjwa unaojulikana, unatibika.

Kama unawaza kufa, au kuna mtu wako anaaga watu na kugawa vitu vyake, hapo hakuna kulinganisha. Hospitali leo, idara ya dharura, asiachwe peke yake hata chooni, na sumu ya panya, dawa za shamba na vidonge vyote vitoke ndani ya nyumba.

Na kama familia imegawanyika kama yetu, msimpigie mgonjwa kura. Dada aliishia na fluoksetini asubuhi, daftari lake Alhamisi, na Jumatano anaenda na mama kwenye maombi. Mama ndiye aliyekuwa hataki kusikia habari za vidonge. Siku hizi saa moja asubuhi akimaliza sala anapiga simu, hata salamu hamalizi: "Umemeza? Umekula kwanza?"